Dawa ya Minyoo: Tuulizwe Kwanza, Ndipo Tumeze

(Mazungumzo kwa vikundi vya kisomo, Sumbawanga)



Leo hatutafanya hesabu za magunia wala kuandika barua. Leo tutasoma boksi la dawa. Juma lililopita tuliwaomba kila mmoja wenu alete boksi tupu, au hata kipande cha karatasi ya vidonge vilivyokwisha nyumbani kwake. Mmeleta vingi, tunashukuru. Tumevimwaga hapa mezani na kuvitazama kimoja kimoja. Vingi ni vya dawa za kutuliza maumivu. Vinavyofuata kwa wingi ni vya dawa ya minyoo. Tukauliza: "Hii ya minyoo, nani aliwaandikia?" Mkacheka. Baba mmoja akajibu kwa niaba ya wote: "Mwalimu, dawa ya minyoo nayo inaandikwa? Si tumbo likiunguruma unakwenda dukani, unameza, basi?"

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuliache somo tuliloliandaa, tuzungumze haya.

Haya, chukueni boksi tusome pamoja. Herufi kubwa za juu zinasema ALBENDAZOLE. Hilo ni jina la dawa yenyewe. Sisi katika mazungumzo tutaiita albendazo. Jina jingine lililoandikwa kwa mapambo ni jina la kiwanda tu, nalo hubadilika kutoka boksi hili hadi lile. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza hii leo, na kesho akameza ya boksi la rangi nyingine akidhani ni dawa tofauti, kumbe ni ile ile. Pembeni kuna tarakimu 400 na herufi mg, maana yake miligramu 400. Vipo pia vidonge vya 200, na hapo viwili ndivyo vinavyolingana na kimoja cha 400. Kisha tafuteni herufi EXP. Mwezi na mwaka unaofuata herufi hizo ndio mwisho wa dawa hiyo. Mama mmoja hapa mbele ameona kuwa boksi lake lilikwisha muda wake zamani, na watoto wamemeza juzijuzi. Hatumcheki. Kabla ya kujua kusoma angejuaje?

Sasa angalieni maandishi madogo. Katika baadhi ya maboksi haya yameandikwa maneno ya Kiingereza yanayosema dawa itolewe kwa cheti cha daktari tu. Hayakuandikwa kwa Kiswahili. Sisi tunaona hilo ni kosa la waliotengeneza, maana wanaomeza ni sisi. Lakini neno lipo, na lina sababu yake. Tutafika.

Kwanza tuseme haki ya dawa hii. Albendazo ni dawa nzuri. Mnyoo anaishi kwa sukari anayoinyonya. Dawa hii inamzuia asiweze kuipata. Anakaa na njaa, anakufa polepole, anatoka na choo siku zinazofuata. Ndiyo maana mtu asiseme dawa ni mbovu eti kwa sababu hakuona kitu chooni siku ile ile. Inawaua minyoo wakubwa wa mviringo, ambao jike wao mmoja anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Inawaua minyoo wa safura, wale wanaoingia kwa kutoboa ngozi ya miguu isiyo na viatu, kisha wakanyonya damu tumboni mpaka mtu anakuwa mweupe viganjani na kuchoka kupanda hata kilima kidogo. Wale wembamba wa mjeledi inawapunguza, ingawa kidonge kimoja mara nyingi hakiwamalizi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana minyoo ya namna hii inayotoka kwenye udongo. Kwa hiyo si aibu ya Wafipa peke yao.

Shuleni watoto hupewa kidonge hiki katika siku za kingatiba. Kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na kandokando ya Ziwa Tanganyika, wenzetu wanaijua pia dawa nyingine, prazikwanteli, ambayo ni ya kichocho. Hiyo hupimwa kwa urefu wa mtoto kwa fimbo yenye alama, na mtoto anatakiwa awe amekula. Msichanganye hizo mbili. Kila moja ina mnyoo wake.

Hapa tukumbushane jambo. Mwaka 2008 huko Morogoro, watoto walipopewa dawa za kichocho na minyoo shuleni, uvumi ulienea kwamba wanakufa. Wazazi walivamia shule na ghasia zikatokea. Watoto wengine kweli waliumwa matumbo na kutapika, kwa sababu prazikwanteli ikimezwa na njaa inasumbua. Lakini wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha. Sisi hatuwalaumu wazazi wale peke yao. Mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na anayejieleza kwa hofu hukosea. Mzazi akielezwa mapema, naye ana la kusema: mtoto wangu huanguka kifafa, mtoto wangu ana homa leo, mtoto wangu ni mdogo. Maneno hayo mwalimu anayahitaji kabla ya kidonge. Na mtoto mdogo asishikwe kwa nguvu akazibwa pua ili ameze. Anaweza kupaliwa akafa. Kidonge kisagwe, kichanganywe na maji kidogo.

Sasa tufike penyewe. Kuna mnyoo mwingine, naye ni tegu.

Tegu ni mrefu, bapa kama utepe, mwenye vipande vipande. Yule wa nguruwe anaweza kufika mita mbili, tatu, hata zaidi, akakaa tumboni mwa mtu miaka mingi bila kumwumiza sana. Mtu anaona tu vipande vyeupe chooni au kwenye nguo. Kila kipande kilichokomaa kina maelfu mengi ya mayai.

Sisi watu wa Ufipa tunafuga nguruwe. Nguruwe ndiye benki yetu. Anazaa wengi, anakua upesi, ada ya mtoto inapatikana. Wakati wa masika tunamfunga au tunamweka bandani, maana akiingia kwenye mahindi ya jirani ni kesi. Lakini mavuno yakiisha, kiangazi, wengi wetu tunamfungulia ajitafutie. Naye nguruwe anajitafutia wapi? Mnajua. Nyuma ya nyumba, kwenye vichaka, mahali watu wasio na choo wanapojisaidia. Anakula kinyesi chenye mayai ya tegu. Mayai yanapasuka tumboni mwake, vijidudu vinaingia kwenye damu na kukaa katika nyama, vikawa vilengelenge vyeupe kama punje za mchele. Ukimvuta ulimi unaweza kuvihisi kwa kidole au kuviona. Wanunuzi wa nguruwe wanajua sana kazi hiyo ya ulimi. Lakini nguruwe wengine wanavyo ndani na ulimi ni safi, kwa hiyo ulimi si hakimu wa mwisho.

Nyama hiyo ikichomwa haraka haraka kilabuni, nje imeungua na ndani bado nyekundu, mlaji anapata tegu tumboni. Hapo tunaelewana wote. Wengi mnasema: "Basi mimi sili nguruwe, nimesalimika."

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapotea, tusikilizane polepole. Kuna njia mbili. Anayekula nyama yenye vilengelenge anapata mnyoo mrefu tumboni. Lakini anayemeza mayai yanayotoka kwa mtu mwenye tegu, huyo hali yake inakuwa kama ya nguruwe. Vilengelenge vinaota ndani ya mwili wake yeye. Mayai yanafikaje kinywani? Kwa mikono ya mpishi asiyenawa baada ya kutoka chooni. Kwa mboga za majani zilizolimwa mahali palipo na kinyesi, zikaliwa bila kuoshwa vizuri. Kwa maji ya kisima kisichozungushiwa ukuta. Kwa hiyo mtu ambaye hajaonja nguruwe tangu azaliwe anaweza kuwa na vilengelenge hivi kwa sababu ya tegu wa jirani, au wa ndugu yake anayelala nyumba moja naye.

Vinakaa kwenye misuli, kwenye macho, na kwenye ubongo. Vikikaa kwenye ubongo vinaweza kunyamaza miaka. Kisha siku moja kilengelenge kimoja kinaanza kufa, ubongo unavimba pale kilipo, na mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka anaanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi nyingi ambako nguruwe wanazurura karibu na watu, kama asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Asilimia 30 maana yake ni watatu katika kila kumi.

Tusimame hapo kidogo. Kila mmoja wetu anamjua mtu mwenye kifafa. Yupo aliyeanguka motoni akaungua mkono kwa sababu waliokuwepo waliogopa kumgusa, wakisema povu lake linaambukiza. Yupo kijana aliyeachishwa shule. Yupo mama aliyerudishwa kwao. Wazee wetu wanatuambia kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Basi hapa ni mahali pa kuutupa. Povu la kifafa haliambukizi. Anayeanguka msogezeni mbali na moto na maji, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, mkae naye mpaka aamke. Kisha apelekwe zahanati. Zipo dawa za kuzuia kifafa za kumezwa kila siku, na anayezitumia asiziache ghafla eti kwa kuwa amepata nafuu.

Sasa tuurudie ule mlango wa cheti cha daktari.

Albendazo ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuua vilengelenge vya tegu kwenye ubongo. Mtu akisikia hivyo atasema, vema sana, nina kifafa, nitanunua maboksi matatu nimeze yote. Ndugu zetu, huko ndiko kwenye hatari. Vilengelenge vikifa vingi kwa pamoja ndani ya ubongo, ubongo unavimba. Kichwa kinauma sana, mtu anatapika, anaanguka mfululizo, na anaweza kufa. Na kikiwa ndani ya jicho, dawa ikakiua pale, jicho linaweza kupofuka. Ndiyo maana hospitali daktari haanzi na kidonge. Anaanza na maswali. Anaangalia macho. Anataka picha ya kichwa kwa mashine ile wanayoiita sitii skani. Anahesabu vilengelenge viko vingapi na viko wapi. Kisha ndipo anapoamua. Wengine hawapewi dawa ya kuua kabisa, wanapewa ya kifafa tu, maana vilengelenge vyao vimekwisha kufa vyenyewe. Wanaopewa albendazo hupimwa uzito, wanaimeza kwa siku nyingi, si siku moja, pamoja na dawa nyingine ya kuzuia uvimbe, tena wakiwa chini ya macho ya waganga. Hao huambiwa waimeze pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie mwilini kwa wingi. Kwa minyoo wa tumboni haihitajiki hivyo, maana hao wako pale pale inapopita.

Mnaona? Dawa moja, boksi moja, lakini kwa huyu ni kidonge kimoja cha kutafuna, na kwa yule ni matibabu ya hospitali. Kidonge chenyewe hakijui kiko kwa nani. Anayejua ni yule anayeuliza.

Na prazikwanteli ni hivyo hivyo. Mwenye kifafa, au anayeumwa kichwa kikali kisichoisha, au mwenye vinundu vigumu chini ya ngozi visivyouma, aseme kabla ya kumeza yoyote kati ya hizo mbili. Mama mjamzito naye aseme, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu albendazo haitolewi wakati huo. Kijana wa dukani asipouliza, ninyi semeni. Na aliyeona vipande vyeupe chooni asinyamaze kwa aibu, wala asijinunulie. Aende zahanati. Tegu wa tumboni anatibika, na mtu huyo akitibiwa amewaokoa wote wanaokula chakula alichokishika.

Tuseme na hili, kwa kuwa tumelisikia hapa hapa. Wapo wanaokwenda duka la dawa za mifugo kununua chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe, wanakunywa kifuniko kimoja kwa sababu ni rahisi. Ni kweli albendazo ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970, na ilianza kwa mifugo. Kwa binadamu ilifuata miaka ya 1980, baada ya kupimwa upya. Lakini ile ya chupa ya ng'ombe imepimwa kwa uzito wa ng'ombe. Mtu wa kilo 55 na ng'ombe wa kilo 250 hawagawani kifuniko.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Sisi hatukuwa tumezaliwa, tumesoma habari zake chuoni. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa vikundi vikundi kama hivi, redio katikati, kitabu mkononi, wakajadili malaria, safura, kichocho na kuhara. Kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo. Mzee mmoja ametuambia kuwa choo alichokichimba mwaka ule kilijaa zamani, akachimba kingine, na cha tatu ndicho anachotumia leo. Huyo alielewa kuwa choo ni kazi isiyoisha. Wengine walichimba kwa kumwogopa kiongozi, na choo kilipobomoka hawakurudia.

Tunamtaja mzee huyo kwa sababu kidonge hakizuii minyoo mipya. Kinasafisha waliomo. Ukimeza leo na kesho ukatembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, wamerudi. Mnaokwenda mashamba ya mbali mkakaa huko majuma, chimbeni shimo refu mfunike, msiache wazi. Na nguruwe akae bandani hata kiangazi.

Hapo ndipo mlipotushambulia, nasi tunakubali mlikuwa na haki. Mama mmoja alisema: "Nguruwe akifungwa kiangazi atakula nini, mwalimu? Pumba ninainunua, na sina." Ni kweli. Ushauri wa kufunga nguruwe ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara. Tulizungumza kwa muda mrefu. Wenzenu waliokwisha kufanya hivyo wakasema wanakausha majani ya viazi vitamu, wanaweka akiba ya maboga, wanatumia machicha ya pombe ya ulezi, na wamepunguza idadi, wanafuga wawili wanaoshiba badala ya watano wanaozurura. Mwingine akasema anafunga majike na kuuza wadogo kabla ya kiangazi. Hatukupata jibu moja la wote. Lakini tulikubaliana kwamba penye nyumba zenye vyoo vinavyotumika na watu wote, hata watoto, nguruwe aliyetoroka hakuti kitu cha kumdhuru. Kwa hiyo asiyeweza banda mwaka huu aanze na choo, na asiyeweza peke yake aombe majirani wamsaidie siku moja.

Swali la mwisho liliulizwa na baba aliyekaa karibu na mlango. Alichinja nguruwe wake, akafungua nyama, akakuta punje nyeupe zimejaa. Alikuwa ameshaahidi nyama kwa watu na ameshapokea fedha. Akauliza afanyeje mwingine akimtokea hivyo.

Tulimwambia ukweli. Nyama iliyojaa namna ile isiuzwe wala isiliwe. Aitwe mkaguzi wa nyama, naye ataamuru izikwe shimo refu au ichomwe moto mpaka iishe, na mbwa wasiifikie. Hasara hiyo ni yake, na hakuna atakayemlipa. Alinyamaza. Kisha akatuuliza kama sisi, tungekuwa na watoto watatu shuleni na nguruwe huyo mmoja, tungemzika. Darasa lote likatutazama. Tulimjibu kwamba ingetuuma sana, na tungemzika, kwa sababu wanunuzi wa nyama ile ni watu tunaowajua majina. Akasema yeye alimzika usiku ili watu wasimwone, na fedha za watu anazirudisha kidogo kidogo mpaka sasa. Kilichobaki alitaka kujua ni kama yeye na mkewe wanafaa kupimwa, kwa kuwa nguruwe yule alikula mahali pale pale kwao. Tukamwambia naam, wote wa nyumba ile waende zahanati wiki hii, wasimeze kitu kabla ya kuulizwa, na ile historia ya nguruwe waiseme yote kama alivyotuambia sisi.